Idara Haiwezi Kusimama Bila Yeye

Kuna kuchoka kwa kubeba mizigo, kuna kuchoka kwa kusimama kutwa nzima, halafu kuna kuchoka kwa kujaza fomu ileile mara ya nne. Huko kwa mwisho usikuombe. Mkono unaijua njia wenyewe: tarehe ya kuzaliwa hapa, shule ya msingi pale, sekondari, chuo, kazi ya sasa. Hata ule mstari mdogo wa chini unaosema "usiandike nje ya kisanduku" unausoma kama unavyomsalimu jirani usiyempenda. Dada ninayewasimulia alikuwa amefika hapo. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameketi jikoni kwao, chai inapoa, fomu ya chuo cha udaktari mbele yake, ameshika tama.

Kilichomshinda kilikuwa kisanduku cha ukurasa wa tatu. Kiliandikwa hivi: "Eleza kwa kifupi kwa nini alama zako zinatofautiana."

Majirani walimwita Daktari, nasi tumwite hivyohivyo, maana jina lenyewe alilipewa akiwa na miaka minane na hakuna aliyemwuliza kama analitaka. Alikuwa na mchezo wa kusoma vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya boksi za dawa. Mtu akitoka hospitali na dawa zake, huyo mtoto yuko mlangoni: meza kimoja mara mbili, usimeze ukiwa na njaa, ukimeza usiendeshe mitambo mikubwa. Mtaa mzima hakuna aliyekuwa na mtambo, achilia mbali mkubwa. Watu wakacheka mpaka machozi, wakasema huyu ndiye daktari wetu. Sasa ana miaka thelathini na mmoja, kazi yake ni kupima damu na makohozi kwenye maabara ya hospitali, na bado dukani anaitwa Daktari, kinyozi akimwona anapita anaita Daktari, naye anaitikia huku moyo unamsuta.

Hizo alama, jamani, tuziseme tu. Kidato cha mwisho alipata A ya Kemia, A ya Bayolojia na D ya Fizikia. D, ndiyo. Mwalimu wa Fizikia aliaga siku moja kwamba anakwenda kwenye semina, na semina hiyo haijaisha mpaka leo. Chuo cha maabara, mwaka wa kwanza alipita chupuchupu, kwa kuwa mama yake alilazwa miezi minne na yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha. Mwaka wa tatu akawa wa kwanza darasani. Mtihani wa kujiunga na udaktari alipata sabini na moja mara ya kwanza, hamsini na nne mara ya pili, sitini na tisa mara ya tatu, na mwaka huu sabini na mbili. Ukizichora kwenye karatasi utadhani ni mapigo ya moyo ya mtu aliyeko mahututi.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Chuo hakimpokei mtu anayetoka kazini akishatimiza miaka thelathini na miwili, naye angetimiza miezi mitano baadaye. Hakuna mara ya tano. Akikosa safari hii, atabaki kuwa Daktari wa dukani na kwa kinyozi hadi uzee wake.

Mama yake aliingia jikoni akijifunga kanga, akachungulia fomu.

"Bado uko kwenye hicho kisanduku?"

"Bado."

"Mwanangu, si uandike tu kwamba uliumwa?"

"Sikuumwa mimi, mama. Uliumwa wewe."

"Basi andika niliumwa. Nitumie tu, mimi sina neno."

"Nilikutumia mwaka juzi."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana nilimtumia mwalimu wa Fizikia."

Mama akacheka, akamwondolea ile chai iliyopoa, akammiminia nyingine. Akasema, "Mimi nimechoka kukuona unaikunja hiyo fomu kila mwaka kama nguo ya sikukuu." Daktari alikunywa nusu kikombe, akaitia fomu kwenye mfuko, akaenda kazini. Fomu ilitakiwa kufika chuoni kesho yake, Ijumaa, kabla ya saa tisa alasiri, pamoja na barua ya mkubwa wake wa kazi.

Maabara yao ni chumba kirefu chenye madirisha mawili. Moja ni la kupokelea sampuli, na la pili halijafunguka tangu lipakwe rangi. Katikati kuna meza ya darubini, na kwenye kona kuna mashine ya kuhesabu damu. Hiyo mashine ina vituko, muulize aliyefanya nayo kazi. Inaweza kuhesabu vizuri asubuhi nzima, halafu ghafla inatoa mlio mmoja mrefu na kunyamaza, na hapo dirishani kuna foleni ya watu wameshika mikono iliyotobolewa. Ikinyamaza hivyo, chumba kizima kinaita, "Daktari, imegoma!" Naye anaacha alichoshika, anaizima, anasubiri dakika tatu kwa saa ya ukutani, anafungua kifuniko cha nyuma, anaiwasha kikiwa wazi, anakisukuma taratibu ikianza kunguruma. Miaka tisa ameitwa hivyo. Ameitwa akiwa chooni. Ameitwa akiwa likizo, akaja na ndala.

Mkubwa wa maabara walimwita Mzee Muhuri. Alikuwa na muhuri mmoja wa idara, akiufungia kwenye droo, na ufunguo wa droo akiuvaa shingoni. Jibu lolote la mgonjwa lilipita mikononi mwake, akalisoma, akalisoma tena, ndipo akagonga. "Karatasi yenye muhuri haisemi uongo," ndiyo ilikuwa kauli yake, akiisema kwa daktari bingwa, akiisema kwa mfagiaji. Siku moja Daktari alirudia sampuli arobaini kwa sababu ile sampuli ya kujaribia mashine ilisoma juu kidogo tu. Watu walinung'unika dirishani hadi jioni. Mzee Muhuri hakumsifu, ila alimletea kiti.

Sasa mwezi huo Mzee alikuwa ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho. Jicho moja limezibwa pamba, la pili linangoja zamu yake, na kompyuta akiiona kama ukungu tupu. Miaka mitatu barua za Daktari alikuwa akizichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, mlango amefunga, kwa kuwa masharti ya chuo yanasema mwombaji asiione barua ya mkubwa wake. Akimaliza anaitia kwenye bahasha, anaifunga kwa gundi, anagonga muhuri juu ya gundi. Daktari alikuwa akiibeba hiyo bahasha kama yai. Hakuwahi hata kuielekeza kwenye taa.

Alhamisi hiyo, watu walipokwenda kula mchana, Mzee Muhuri alimwita ofisini.

"Funga mlango. Kaa hapo kwenye kompyuta. Utaichapa wewe."

"Nichape nini, Mzee?"

"Barua yako."

"Mzee, si hairuhusiwi?"

"Najua hairuhusiwi, masharti nayajua kabla hujazaliwa. Sasa nifanyeje? Nimpe Redio?"

Redio ndiye msichana wa pili wa maabara, mchapakazi, mdomo haufungi. Jambo likiingia sikioni mwa Redio saa nne, saa tano linasikika wodi ya wazazi. Daktari alifikiri kidogo, akaona Mzee ana haki.

"Redio akiichapa wataijua hospitali nzima," Mzee aliendelea. "Wewe ukiichapa utaijua wewe. Kati ya makosa mawili nimechagua dogo. Chukua hii, ni nakala ya mwaka jana. Badilisha tarehe na alama za mtihani. Mengine acha yalivyo, ni mazuri."

Akampa karatasi. Daktari akaiweka kando ya kompyuta, akaanza kuchapa. Mzee akaegemea kiti, mikono tumboni, jicho zima amelifumba.

Barua ilianza vizuri. Namfahamu mwombaji kwa miaka tisa. Ni mwaminifu, ni makini. Daktari akahisi masikio yanapata joto, maana Mzee hakuwa mtu wa kusifia. Akachapa mstari wa tatu na wa nne. Mstari wa tano ulisema: "Nasema bila kupiga chuku kwamba idara hii haiwezi kusimama bila yeye. Siku asipokuwepo, wagonjwa hawapati majibu."

Vidole vikasimama.

"Mbona kimya?" Mzee aliuliza.

"Nipo, Mzee." Akausoma tena ule mstari. "Hii sentensi ya idara haiwezi kusimama. Ni ya mwaka jana tu?"

"Ya mwaka jana, ya mwaka juzi, na ule wa kwanza. Kitu kizuri sikibadilishi."

Hapo Daktari alikumbuka usaili wa mwaka juzi, mwaka pekee alioitwa. Walikuwa watatu nyuma ya meza. Hawakumuuliza Fizikia, wala hamsini na nne yake. Mmoja wao, mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba, aliinua karatasi, akamtazama juu yake, akauliza, "Ukija huku, wagonjwa wa kule watapimwa na nani?" Daktari alidhani ni utani wa kumtoa woga. Akacheka, akasema, "Watapimwa tu." Yule bwana hakucheka. Akaandika kitu, akaipitisha karatasi kwa mwenzake. Miaka miwili amekuwa akijiuliza pale alikosea nini. Miaka miwili amejifungia chumbani na vitabu vya Fizikia, mashine za kuvuta mizigo, mwanga, umeme, akijitukana kwa ile D kama mtu aliyeua.

"Mzee," alisema, na sauti haikutoka ilivyotakiwa, "umenifungia mlango."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Umewaambia mara tatu kwamba mkinichukua mimi, watu huku hawapimwi. Wewe ungekuwa wao ungenichukua?"

Mzee Muhuri akalifumbua jicho lake. "Binti, mimi nimekusifu! Hakuna mtu nimewahi kumsifu hivyo. Mke wangu mwenyewe sijamsifu hivyo!"

"Umenisifu mpaka umenizika."

"Ala! Chunga mdomo."

"Sichungi! Leo sichungi." Alikuwa amesimama, na hakujua amesimama saa ngapi. "Miaka tisa nachunga. Naitwa nikiwa chooni nachunga. Naitwa likizo nakuja na ndala nachunga. Kila mwaka nikikosa unaniambia pole binti, jitahidi ile Fizikia. Nikajitahidi! Nimesoma Fizikia mpaka mama yangu anaijua! Kumbe nabeba mwenyewe bahasha inayowaambia wanirudishe!"

Nje mtu aligonga dirisha la sampuli, akagonga tena, akachoka akaondoka. Mzee alivua kofia yake ya sufi, akaipangusa vumbi lisilokuwepo, akaivaa.

"Mimi nilidhani kweli ni ile Fizikia," alisema.

"Na mimi nilidhani ni ile Fizikia!"

"Na pengine ni hiyohiyo."

Daktari akakaa. Hapo Mzee alikuwa amempata, maana ndivyo ilivyo. Mtu wa maabara hawezi kukana. Kama sampuli imeharibika kwa sababu mbili, huwezi kuinua moja ukasema ni hii. Pengine ni barua, pengine ni D, pengine ni hamsini na nne, pengine kulikuwa na watu bora kuliko yeye, na hakuna pa kwenda kuuliza. Hasira ikamtoka, kukabaki ule uchovu wa siku zote. Alitamani alaze kichwa juu ya vitufe vya kompyuta alale hapo mpaka atimize hiyo miaka thelathini na miwili, yaishe.

"Sikukusudia," Mzee alisema.

"Najua, Mzee."

Halafu Mzee akasema polepole, akitazama droo ya muhuri na si yeye, "Labda nilikusudia kidogo. Mwaka wa kwanza hapana, naapa. Mwaka wa kwanza nilikusifu tu. Lakini ulipokosa, nikakuta asubuhi umeshaiwasha mashine, foleni inakwenda, nilifurahi. Nilikupa pole na huku nafurahi. Mwaka wa pili nikaandika vilevile."

Basi. Neno gumu kama hilo mtu mzima akilisema mwenyewe, utamjibu nini? Daktari alitaka kumpa vidonge vyake, akavitafuta, hakuviona. Alimwona mzee mwenye pamba jichoni, anayeomba radhi bila kulijua neno la kuombea.

"Futa," Mzee alisema. "Futa yote. Tunaandika upya."

"Niandike nini?"

"Nitasema, wewe chapa."

Akaanza. Alisema namfahamu mwombaji kwa miaka tisa. Akasema habari ya sampuli arobaini, siku, mwezi na mwaka, kumbe tarehe anaikumbuka. Akasema, "Andika: alama zake za mitihani zinapanda na kushuka, mtaziona wenyewe. Kazi yake nimeikagua kila siku, na sijawahi kuirudisha." Daktari akachapa, pua inamchonyota.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane, watu wangeanza kurudi.

"Andika," Mzee akasema. "Idara hii inaweza kusimama bila yeye."

Daktari hakuchapa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Inaweza kusimama bila yeye. Itasumbuka, ila itasimama. Mchukueni."

Sasa hebu niambieni, hayo si ndiyo maneno aliyoyatafuta dakika kumi zilizopita kwa ukali na kusimama juu? Lakini alipoyachapa yalimkata. Alikosea herufi, akafuta. Akakosea tena. Miaka tisa ya maisha yake, mgongo wake, macho yake, zile ndala, vyote vimekaa kwenye mstari mmoja unaosema wanaweza kuishi bila yeye. Machozi yakadondoka kwenye vitufe, akayapangusa kwa mkono wa koti jeupe, akamaliza. Mzee akapapasa ufunguo shingoni, akafungua droo. Jicho halikuona mahali pa kutia sahihi, ikabidi Daktari amshike mkono, amwonyeshe mstari. Akagonga muhuri kwa nguvu, kama kawaida yake, meza ikatetemeka.

Mlangoni Redio alikuwa amesharudi. "Dada, umelia? Amekufokea? Mzee amemfokea Daktari!" Kabla ya saa tisa jambo lilikuwa wodini.

Jioni, palepale jikoni, Daktari alikirudia kile kisanduku cha ukurasa wa tatu. Hakutafuta maneno. Aliandika: "Fizikia hatukuwa na mwalimu. Mwaka wa kwanza wa chuo nilikuwa namuuguza mama. Mtihani wa pili nilikuwa nimechoka. Mwaka huu pia nimechoka, lakini nimesoma." Mama akasoma begani mwake, akasema hiyo ya kuchoka si ungeiacha. Daktari akasema haachi kitu. Ijumaa saa tano asubuhi alikuwa dirishani kwa karani wa chuo, bahasha mkononi, na karani akamwambia, "Ah, wewe tena," kwa upole tu, si kwa ubaya.

Jumatatu aliingia kazini akakuta ratiba mpya ubaoni. Penye "mashine ya damu" jina lake lilikuwa limepigwa mstari mmoja, na pembeni tarehe na sahihi, jinsi wanavyorekebisha kila kitu pale maabara. Juu yake limeandikwa jina la Redio, kwa ule mwandiko mkubwa wa mtu asiyeona vizuri. Alihisi kama amepigwa kofi. Akaenda moja kwa moja ofisini.

"Mzee, hata jibu halijatoka umeshanifuta?"

"Nimetoa barua Alhamisi," Mzee Muhuri alisema. "Nimesema idara inaweza kusimama bila wewe. Nimegonga muhuri. Ni kweli au si kweli?"

Daktari akatazama chini. "Kwa leo si kweli."

"Basi nimesema uongo kwenye karatasi yenye muhuri, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nenda ukanifanyie uwe kweli. Mfundishe huyo mwenye mdomo."

Akaenda akamfundisha. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kupima mwenyewe, asikwambie mtu. Redio alitaka kuiwasha mashine baada ya dakika moja, kisha dakika mbili, kisha anapiga hadithi anapitisha tano. "Tatu, Redio. Angalia saa, usiangalie mimi." "Dada, sasa wewe ulijuaje ni tatu?" "Nilikosea mara nyingi." Kifuniko cha nyuma alikisukuma kwa nguvu, mashine ikagoma siku nzima, foleni ikafika kwenye ngazi, watu wakawatukana wote wawili na mama zao. Daktari alizuia mikono yake mifukoni isiende kusaidia. Ilikuwa ikimwasha, hiyo mikono. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Jicho la pili la Mzee likapasuliwa.

Wiki ya tano ikaja barua ya chuo. Si ya kumchukua, ilikuwa ya kumwita kwenye usaili tu, Jumatano saa sita mchana. Hakupiga kigelegele. Aliisoma mara mbili kama jibu la mgonjwa, akaikunja. Mama yake ndiye aliyepiga, kidogo, kisha akajizuia, akaogopa kuitia nuksi.

Jumatano saa nne unusu alivua koti jeupe, akalitundika, akavaa blauzi iliyopigwa pasi, akachukua mfuko wake. Foleni dirishani ilikuwa ndefu. Redio alikuwa anaongea na watu watatu kwa pamoja huku anapanga chupa. Daktari aliaga, akatoka, akaifuata korido mpaka kwenye ngazi. Mguu wa kwanza ulikuwa umeshashuka aliposikia ule mlio, mmoja, mrefu. Mashine imenyamaza.

Alisimama. Mkono ukashika ukuta. Mwili wote uligeuka nyuma wenyewe, ukingoja lile neno alilolisikia kwa miaka tisa. Akalisubiri. Alihesabu bila kutaka. Dakika moja. Watu wa foleni wakaanza kuguna. Dakika ya pili, mtoto akalia. Sauti ya Redio haikusikika hata kidogo, na Redio kunyamaza ni jambo la kutisha. Dakika ya tatu ikatimia, naye ameshikilia ukuta, roho mkononi, akisema moyoni sasa, fungua sasa.

Ikanguruma.

Ikanguruma sawasawa, bila kukwama, na ile sauti ya Redio ikarudi palepale ilipoachia: "Haya, aliyekuwa anafuata nani?"

Hakuna aliyemwita. Mzee Muhuri alikuwa ametoa kichwa kwenye mlango wa ofisi, macho mawili yaliyofunguliwa yanamtazama mwisho wa korido, na bila shaka alikuwa anamwona vizuri sana, pamoja na machozi yake. Hakusema pole. Alimpungia mkono wa kumfukuza, kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

"Unangoja nini?" alisema. "Utachelewa."

Daktari akapangusa uso kwa mkono wa blauzi iliyopigwa pasi, akashuka ngazi.